Begi la kilo 8: kisa cha kijana mnene na sukari iliyoanza kupanda

Mama alidhani ni uchafu. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimsugua mwanawe shingo kwa dodoki, hadi ngozi ikawa inamwasha, na ule weusi haukutoka. Siku alipomleta kliniki, kijana alikuwa amefunga shati hadi kifungo cha juu kabisa ingawa kulikuwa na joto. Daktari wa watoto ndiye aliyekifungua kile kifungo, akapitisha kidole kwenye mikunjo ya shingo, akasema, "Mama, hii haitoki kwa sabuni. Chanzo chake kiko ndani."

Kitaalamu hali hiyo huitwa acanthosis nigricans: ngozi inakuwa nyeusi na nene kidogo, ukiigusa ni kama mahameli, hasa shingoni na kwapani. Insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye chembe za mwili, ikijaa kwenye damu kwa muda mrefu huzichochea chembe za ngozi kuzaliana. Na inajaa kwa sababu mwili umeanza kuwa sugu kwake, hivyo kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. Shingo ya kijana ilikuwa inatoa taarifa kabla ya maabara.

Kijana ana miaka 14. Mambo ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha. Siku ya kwanza alikuwa na kilo 91 kwa urefu wa sentimita 168, kiuno sentimita 104, presha 126 kwa 78. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 5.7 mmol/L, na HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, ilikuwa asilimia 6.0. Kwa vigezo vya Chama cha Kisukari cha Marekani, HbA1c ya 5.7 hadi 6.4 ni hali ya awali ya kisukari, na kuanzia 6.5 ni kisukari chenyewe. Alikuwa katikati ya uwanja. Chama hicho hicho hushauri kijana mwenye uzito uliozidi apimwe kuanzia miaka 10 au balehe inapoanza, lolote litakalotangulia, kama ana angalau kiashiria kimoja cha hatari. Huyu alikuwa navyo vinne: shingo, presha iliyopanda kidogo, babu mzaa mama mwenye kisukari, na mama aliyepata kisukari akiwa na mimba yake.

Alitoka kliniki na ushauri ambao karibu kila kijana mnene hupewa: punguza uzito, kimbia kila asubuhi.

Alikimbia asubuhi tatu. Siku ya kwanza vijana wenzake walimcheka. Siku ya pili alitoka kabla hakujapambazuka ili asionekane. Siku ya tatu goti la kulia likaanza kumuuma, akarudi nyumbani akichechemea, na viatu vikaingia uvunguni. Wiki nane baadaye daktari alimleta kwangu. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, ingawa mama hadi leo ananiita daktari na kijana ananiita mwalimu. Nimeacha kuwasahihisha.

Kabla ya zoezi lolote nililitazama lile goti, au niseme nyonga. Kijana mnene aliye katika balehe akilalamika goti, usihangaike na goti peke yake. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimeanza kuteleza kutoka mahali pake pale kwenye ncha ya ukuaji, sehemu mfupa unaporefukia, na maumivu yake mara nyingi hujitokeza gotini wakati ugonjwa uko nyongani. Ukimlaza chali, ukakunja goti na kuuzungusha mguu kwa ndani, nyonga yenye tatizo hilo hukataa au huuma. Ya kwake ilizunguka vizuri pande zote mbili. Ingekataa, kisa hiki kingeishia kwa daktari wa mifupa siku ile ile, maana hapo hata kutembea kunaweza kuzidisha madhara. Nimelitaja kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakiwapa watoto mazoezi ya kuchuchumaa bila kuuliza hata swali moja kuhusu nyonga.

Goti lake lilikuwa limechoka tu. Kilo 91 zilizokuwa zimekaa kimya miaka miwili ziliambiwa ghafla zirukeruke barabarani.

Kisha nikamwomba anyanyue begi lililokuwa sakafuni, lenye kilo 20 za vyuma vyangu. Sikumwambia lina nini. Alilinyanyua kama mtu anayeokota kofia, akanitazama, akauliza, "Niliweke wapi?"

Hapo ndipo nilipoona njia. Kijana mnene anabeba mzigo kutwa nzima, ngazini, njiani, akiinuka kitini. Miguu na mgongo wake mara nyingi vina nguvu kuliko vya rafiki yake mwembamba. Ukimpeleka kwenye mbio atakuwa wa mwisho kila siku, na mtoto anayekuwa wa mwisho kila siku ataacha. Ukimpa kitu cha kuinua, kwa mara ya kwanza mwili wake unakuwa mtaji. Mama yake alikuwa amekaa pembeni. Kijana alipogeuka kumtazama, mama akasema, "Baba, kumbe!" Basi, neno hilo moja.

Sasa, misuli inahusianaje na sukari? Insulini inapotoka baada ya mlo, sehemu kubwa ya sukari inayoondolewa kwenye damu kwa nguvu ya insulini huingia kwenye misuli. Ini na mafuta wana sehemu yao, lakini ghala kuu ni misuli. Mtu akiwa sugu kwa insulini, ni kama mgeni anabisha hodi mlango wa mbele na wenyeji hawasikii. Ila misuli ina mlango wa uani. Inapojikunja kwa kazi, vibebeo vya sukari viitwavyo GLUT4 hupanda hadi kwenye ukuta wa chembe bila kungoja insulini, na sukari inaingia. Baada ya zoezi, misuli hubaki ikiisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili. Halafu inachakaa. Ndiyo maana nilimpa siku tatu za mazoezi zisizofuatana, nikakataa mpango wake wa kufanya yote Jumamosi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na kazi ya kuimarisha misuli na mifupa. Kipengele hicho cha pili husahaulika. Baba wa nyumba alikuwa na hofu ya kawaida, kwamba vyuma humdumaza mtoto. Mazoezi ya nguvu yaliyopangwa na kusimamiwa vizuri hayajaonyeshwa kuharibu ukuaji. Wanaoumia mara nyingi ni wale wanaojaribu mzigo wa juu kabisa bila msimamizi, au wanaochezea vifaa. Nilimwahidi kwamba hakuna siku mwanawe atainua mzigo asioweza kuurudia mara nane kwa mwendo safi. Na asibane pumzi: anapoinua anatoa hewa.

Vifaa vilikuwa vya nyumbani. Begi lake la shule la zamani, chupa za maji, kiti kisicho na magurudumu, ukuta, taulo. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hesabu ni rahisi: chupa nane za lita moja ndani ya begi, kilo 8. Mazoezi yalikuwa matano tu. Kuchuchumaa hadi kugusa kiti huku amekumbatia begi, kuliinua begi kutoka sakafuni mgongo ukiwa umenyooka, pushapu, kuvuta, na mwisho kutembea sebuleni huku kila mkono umebeba chupa. Seti tatu, marudio 8 hadi 12, pumziko la dakika moja na nusu. Yote yalichukua dakika kama 35.

Pushapu alianzia ukutani. Hakuipenda, aliiona ya kitoto, lakini za sakafuni alikuwa hawezi hata moja. Mikono yake ndiyo ilikuwa dhaifu, si miguu. Kutoka ukutani akahamia ukingo wa meza, kisha kiti kilichoegemezwa ukutani, na wiki ya 13 akanitumia video ya sekunde sita: pushapu moja ya sakafuni, imepinda kidogo mwishoni, halafu sauti ya dada yake ikishangilia nyuma ya kamera.

Ya kuvuta nilikosea mimi. Nilimwambia alale chini ya meza, ashike ukingo, ajivute juu. Zoezi hilo ni zuri kama meza ni nzito. Yao haikuwa nzito. Wiki ya tatu iliinuka upande mmoja, akaanguka chali na meza ikamgonga kiwiko. Aliambulia mchubuko, mimi nikaambulia somo: sikuwa nimeuliza meza ina uzito gani na sikuwa nimeiona. Tukahamia kwenye taulo. Unafunga fundo nene mwishoni, unalipitisha juu ya mlango, unaufunga mlango fundo likiwa upande wa pili, kisha unasimama upande ambao mlango ukifunguka unakwenda mbali nawe, ili kila ukivuta uzidi kujikaza kwenye fremu. Ukisimama upande usio sahihi, mlango utakufuata. Komeo lifungwe, na nyumba nzima ijulishwe.

Kipimo cha ugumu kilikuwa swali moja: umebakiza ngapi? Yaani mwisho wa seti, ungeweza kuongeza marudio mangapi kabla mwendo haujaharibika? Nilitaka jibu liwe mbili hivi. Akibakiza tano, begi ni jepesi. Akibakiza sifuri, amezidisha. Aliandika kwenye daftari kila siku, na akifikisha 12 katika seti zote tatu akiwa bado amebakiza mbili, anaongeza chupa moja.

Wiki ya sita simu ililia usiku. "Daktari, ameongezeka!"

Mizani ilikuwa imesema 92.4. Kilo moja na ushee juu ya siku ya kwanza, baada ya wiki sita za jasho. Mama hakuwa na hasira nami, alikuwa na hofu, na nyuma yake nilisikia mlango ukibamizwa. Kijana alikuwa amesema hafanyi tena.

Hapa ndipo programu nyingi za namna hii hufia. Kijana wa miaka 14 anakua, mifupa inarefuka, na misuli iliyoanza kazi hujaza maji na akiba ya sukari kabla haijanenepa yenyewe. Mizani inajumlisha yote hayo na mafuta, inatoa namba moja. Nilimwuliza mama maswali mawili tu. Suruali ya shule inambana au inalegea? Inalegea, mkanda umesogea tundu moja. Begi lilianza na kilo ngapi na sasa ngapi? Hakujua. Kijana akajibu kwa mbali, bado amenuna: "Kumi na nne."

Tulikubaliana mizani iondolewe chumbani kwake. Baada ya wiki mbili ikarudi kwa kazi nyingine: kupimia begi. Chupa zilikuwa zimejaa, wakaanza kutia vitabu, na vitabu havina uzito wa kukariri. Sidhani kama nimewahi kuona kijana akifurahia namba ya mizani ikipanda kama alivyofurahia yule.

Sikusema haya ya mizani kwa kumliwaza tu. Mwaka 2006 Shaibi na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wavulana 22 wa Kilatino wenye uzito uliozidi. Waliofanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki kwa wiki 16 waliboresha usikivu wa mwili kwa insulini kwa wastani wa asilimia 45, na ambao hawakufanya walibaki palepale. Jumla ya mafuta mwilini haikushuka. Mtu aliyekuwa anaangalia mizani angesema hawa watoto wamepoteza muda. Utafiti mkubwa zaidi, HEARTY wa Canada uliotoka 2014, uliwagawa vijana 304 wa miaka 14 hadi 18 katika makundi manne kwa wiki 22, wote wakiwa na ushauri wa chakula. Asilimia ya mafuta mwilini ilishuka kwa pointi 1.6 kwa waliofanya mazoezi ya nguvu, 1.1 kwa waliofanya ya pumzi kama kukimbia, 1.4 kwa waliochanganya, na 0.3 kwa wasiofanya. Ni mabadiliko madogo, nani asione? Lakini mazoezi ya nguvu hayakuwa nyuma ya mbio.

Wenye mabinti wasikilize pia upande wa pili. So Jung Lee na wenzake walipima jambo hili kwa wavulana wanene mwaka 2012, na mazoezi ya nguvu yaliboresha usikivu wa insulini. Walipowapima wasichana mwaka uliofuata, ni ya pumzi yaliyofanya vizuri zaidi kwenye mafuta ya tumboni na insulini, si ya nguvu. Kwa hiyo kisa hiki ni cha mvulana. Angekuwa dada yake ningeanza na begi vilevile, ila ningeongeza kutembea haraka au kudansi tangu wiki ya kwanza.

Wiki ya 16 vipimo vilirudiwa. Kilo 90.6, urefu sentimita 169.5, kiuno 99. Presha 118 kwa 74. Sukari ya asubuhi 5.3, HbA1c 5.6. Begi, kilo 22.

Mama alilia. Mimi nilifurahi, halafu nikaanza kujibana kwa maswali, na maswali hayo ndiyo sababu ya kuandika kisa chote hiki.

Balehe yenyewe huleta usugu wa insulini. Katikati yake usikivu wa insulini hushuka kwa karibu theluthi moja, hata kwa watoto wembamba, kwa sababu ya homoni ya ukuaji, na hupanda tena balehe inapoelekea mwisho. Wengi wenye HbA1c ya 5.8 au 6.0 katika umri huu hurudi kwenye kawaida bila mtu kufanya lolote. Pengine huyu naye alikuwa anarudi tu, nami nikasimama mlangoni kupokea pongezi. Pili, vinywaji vitamu viliondoka nyumbani wiki ya pili. Sikuagiza mimi, mama aliamua, akawaondolea wote. Tatu, alianza kulala mapema siku za mazoezi. Nne, HbA1c nayo hukosea kidogo, na upungufu wa damu au chembe za selimundu huweza kuipotosha. Damu yake ilikuwa imechunguzwa mwanzoni na haikuwa na hayo, lakini tofauti ya 0.4 si ya kuipigia ngoma.

Ninachoweza kukitetea ni kiuno. Sentimita tano zimeondoka huku uzito ukibaki karibu palepale na nguvu zikipanda karibu mara tatu. Hicho si kipimo cha balehe.

Kisha yakatokea yenyewe yale ambayo nisingethubutu kuyapanga. Mitihani ilikaribia, kijana akaacha mazoezi wiki sita. Vinywaji havikurudi, uzito haukubadilika. Kipimo kilichofuata: HbA1c 5.8. Shingo, iliyokuwa imeanza kupauka, ikabaki ilivyo. Mtoto mmoja, kipimo kimoja, sitajenga nyumba juu yake. Lakini nikikumbuka jinsi misuli inavyosahau upesi, sikushangaa.

Mama aliniuliza, kwa upole, kama si kumsumbua mtoto bure. Si atakua tu, na kwao hakuna mwembamba hata mmoja? Nilimweleza kuhusu TODAY, utafiti wa Marekani wa vijana 699 wa miaka 10 hadi 17 waliokuwa tayari na kisukari aina ya 2. Zaidi kidogo ya nusu ya waliopewa metformin, dawa ya kushusha sukari, peke yake walishindwa kudhibiti sukari. Walipofuatiliwa, takriban miaka 13 baada ya kugundulika na wakiwa na wastani wa miaka 26, asilimia 60 walikuwa na angalau dhara moja kwenye figo, macho au mishipa ya fahamu. Kisukari aina ya 2 cha utotoni hukimbia kuliko cha mtu mzima. Nilimwambia pia dalili za kutosubiri miadi: kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara usiku, kupungua uzito bila sababu. Siku hizo hakuna begi, ni hospitali.

"Sasa atabeba hilo begi hadi lini?" akauliza.

Sikuwa na jibu la tarehe. Tulichofanya ni kupunguza masharti: siku mbili kwa wiki wakati wa mitihani, mazoezi matatu badala ya matano, dakika 20. Kilo 22 hazikuwezekana tena baada ya mapumziko, akaanza upya na 14, na alilichukua hilo vizuri kuliko nilivyotarajia. Vipimo vingine ni baada ya miezi mitatu. Kola anaifungua sasa, ingawa shingo bado ina kivuli.

Juzi alikuja na daftari. Ukurasa wa mwisho una mwandiko wa haraka, na doa la maji juu ya tarehe: "Begi 16. Goti shwari. Pushapu 5 chini. Nimebakiza 2."